Bangili za Esha Ziliponyamaza

Kwa macho yangu haya mawili nilimwona mke wangu akimpa mwanamume mwingine ufunguo wa nyumba yangu!

Si ndoto. Si habari ya kuletewa na watu...

Nilikuwa nimesimama nyuma ya dirisha la mbao, nachungulia baina ya vibao vyake. Esha alinyoosha mkono juu ya ukuta wa uani. Upande wa pili, mkono mweusi wenye kovu la moto ukaupokea.

Mkono wa Peterson, jirani yetu.

"Usianze mpaka atoke," Esha alinong'ona.

"Sawa, mama. Kesho akienda Mambrui, naingia."

Naingia!

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu bado. Nipe masikio yako kwanza, maana yangu mimi ndiyo yaliyoniletea haya yote.

Naitwa Shee, mwenyeji wa Shella ya Malindi. Nawasomesha watoto wa mtaa Kur'ani, na kwa miaka mingi adhana ya Ijumaa msikitini kwetu ilikuwa ni amana yangu. Huyo Peterson kwao ni bara. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake imepakana na ua wetu.

Siku moja nilikuwa nimesimama kando ya barabara pale Gede, gurudumu la lori likapasuka ubavuni mwangu.

Sikuumia hata ukucha. Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Lakini kishindo kile niliingia nacho nyumbani.

Tangu hapo, kijiko kikianguka jikoni, moyo wangu hupanda kooni. Mlango wetu wa chuma ukibamizwa na upepo, kikombe kilicho mkononi humwagika. Usingizi ukanihama. Nikahamia chumba cha nyuma, peke yangu, nikijifunika mto kichwani.

Na jambo hili nalisema kwa haya kubwa... Kipaza sauti cha msikiti kikilia ghafla juu ya kichwa changu, nilikuwa nikiziba masikio na kutoka nje mbio.

Mwadhini anaikimbia adhana!

Nyote mnajua ni nani husemwa kuwa huikimbia adhana: shetani.

"Maalim Shee ameingiliwa," mtaa ukasema. "Ana jini, masikini."

Basi amana ile ikatoka kwangu, akapewa sahibu yangu Famau. Aliipokea kwa unyenyekevu, kichwa ameinamisha, nami nikamwombea dua. Kila baada ya alasiri alikuja kuketi nami barazani, akisema nami polepole, kwa sauti laini kama samli. Nilimshukuru Mola kwa rafiki asiyenipigia kelele.

Lakini nyumbani kwangu mambo yakaanza kugeuka.

Kinu kikaondolewa uani. Sufuria hazikugongana tena. Esha, ambaye hakuwahi kukuna nazi bila kuimba, akawa anakuna kimya. Akitembea, hata kandambili havai. Nikiingia anasema na simu, hukata maneno katikati.

Wallahi, kimya kile hakikunituliza. Kilinitisha kuliko mashine ya Peterson!

Maana kelele inakuambia iliko. Kimya hakikuambii kitu.

Kisha zikanyamaza bangili.

Siku niliyomwoa Esha nilimvika bangili za fedha. Umri wote huu nimejua alipo kwa mlio wake. Anasukuma chapati. Anateka maji. Anamfunga ushungi Swafiya, binti yetu, ambaye sasa ni mke wa mtu huko Mombasa. Na sasa... kimya. Alianza kuvaa mikono mirefu, na viganja vyake vilipotoka, vilikuwa vitupu.

Nilifungua kasha lake alipokwenda sokoni. Hazimo!

Nikampelekea Famau dukuduku langu.

"Maalim, yakhe," akaniuliza, "mwanamke wa kwetu huvua mapambo lini?"

"Akifiwa na mumewe. Akiwa edani."

"Na wewe umekufa?"

"Astaghfirullah! Ni hai, wanisikia nasema."

"Basi..." Akainua kikombe cha kahawa, akakitazama ndani kama anayesoma. "Mimi sina neno. Lakini mke anayemkalia eda mume aliye hai, kuna anayemngoja edani atoke."

Sumu ile niliinywa yote, na sukari yake.

Ndipo siku ya pili nikauona ule ufunguo ukivuka ukuta.

Sasa elewa uzito wa jambo. Ujanani, kwa hasira za kipumbavu, nilikwisha kumwacha Esha mara mbili na kumrejea mara mbili. Aijuaye dini yake anajua maana yake. Ilibaki talaka moja, ya tatu, isiyo na marejeo. Neno moja tu likinitoka, Esha si mke wangu tena, na uzee wetu umevunjika vipande viwili.

Jioni ile nilimweleza Famau, na Famau peke yake.

"Kesho nina hitima Mambrui. Nitafika daraja la Sabaki, kisha nitarudi niwafumanie. Nikiwakuta, namwacha."

Famau akanishika bega.

"Ukiwakuta, usirefushe maneno. Mwanamume hapigi kelele, Maalim. Neno moja latosha."

Asubuhi nilivaa kanzu. Esha akanipa fimbo yangu.

"Baba Swafiya, utakawia?"

"Mpaka magharibi."

"Vyema," akasema... akashusha pumzi!

Mke anashusha pumzi kwa kuwa mumewe anaondoka! Nilitoka na pamba masikioni na moto kifuani.

Nikafika darajani. Nikageuka.

Niliporudi, nyumba yangu haikuwa na mlango! Ule wa chuma ulikuwa umeng'olewa, umelazwa uani kama maiti. Nikavua viatu. Nikanyata ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mwizi.

Na chumbani mwangu, chumba nilalacho mimi... Peterson amepiga magoti sakafuni, kisu mkononi. Viti vyangu vimepinduliwa miguu juu. Na Esha amesimama mbele yake!

Niliona wawili tu. Jicho la shaka huhesabu lile linalolitaka.

"Baba Swafiya!" Esha akashtuka. "Mbona umerudi?"

"Ulitaka nisirudi?"

"Mzee, tulia kwanza, hii kitu..." Peterson akaanza.

"Wewe funga kinywa chako! Esha, simama hapo hapo. Mungu ni shahidi yangu. Wewe Esha, kuanzia leo, una..."

PAAA!

Chuma kwenye saruji! Nyumba nzima ikalia!

Neno likakatika ulimini.

Sijui nilifikaje chini ya meza. Nilijikuta huko, kofia imeruka, mikono masikioni, pumzi zinakuja fupifupi kama za samaki aliyetupwa mchangani. Mzee wa mvi zangu! Mbele ya mgoni wangu!

Nilingoja acheke.

Hakucheka. Wala hakunigusa. Aliketi sakafuni, mbali kidogo, akaweka kisu chini ya mkeka nisikione.

"Mzee," akasema taratibu, "ni mtaimbo. Ilikuwa imeegemea ukuta, imeanguka. Sasa iko chini. Haiwezi kuanguka mara ya pili. Unaiona?"

Niliuona.

"Sasa nitaisukuma kando. Italia kidogo tu, tik. Uko tayari?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Tik.

Msomaji, ilikuwa ndiyo sauti ya kwanza, tangu siku ile ya Gede, iliyobisha hodi kabla ya kuniingia.

"Umejuaje?" nikauliza, bado chini ya meza.

"Mimi pia niko hivyo, Mzee. Tangu tuchomewe nyumba huko kwetu, nikiwa kijana. Mtu akipiga mlango kwa nguvu, mimi nimekwisha."

"Nawe washinda na mashine ile?"

"Ile naiwasha mimi mwenyewe. Najua inakuja. Kelele yangu hainishtui, Mzee. Mbaya ni ile ya kunivamia."

"Muulize mimi naishi naye vipi!" sauti ya mwanamke ikaingia kati. Alikuwa Jedida, mkewe Peterson, ameketi mkekani nyuma ya mlango wa chumba, mkasi na mpira wa tairi mapajani, mahali ambapo jicho langu lilikataa kufika. "Ukimkaribia kimyakimya anaruka kama mbuzi! Lazima nikohoe kwanza. Nimekohoa mpaka watu kanisani wananiombea kifua."

Esha akacheka huku analia.

Ndipo nikatazama. Miguu ya viti vyangu ilikuwa imevikwa vipande vya mpira, ili visikwaruze. Kule uani, mlango wa chuma ulikuwa umeshonewa ukingo wa mpira pande zote, upepo uubamize utakavyo. Na ufunguo? Kitasa chetu kilikuwa kikifunguka kwa mlio wa bunduki. Peterson alitaka kukipima, apate kukilainisha.

Usianze mpaka atoke... Esha alikuwa akimwomba Peterson asiwashe mashine nikiwa ndani.

Esha akapiga magoti, akanyoosha mkono anitoe chini ya meza. Mkono wa nguo ukateleza nyuma. Juu ya kiwiko palikuwa na kitambaa cha leso, kimezungushwa, kikafungwa fundo.

"Umeumia?"

"Sikuumia."

Akalegeza fundo kidogo. Fedha ikang'aa ndani.

Bangili zangu!

"Hukuzivua?"

"Nizivue kwa nini, mume wangu yu hai?" Alinitazama kama niliyetukana. "Nilizipandisha nikazifunga zisilie. Nimeona kila zikigongana, uso wako unakunjamana."

"Mbona hukuniambia, Esha?"

"Kila nikifungua kinywa, wewe waziba masikio."

Nikaushika mkono wake, nikatoka chini ya meza.

Peterson na Jedida wakatoka uani kuurudisha mlango. Esha akafuta machozi, akatoa simu.

"Baba Swafiya, kuna jambo silielewi. Ulipotoka tu asubuhi, iliniingia sauti hii. Nilifikiri amekosea mtu."

Akapunguza mlio mpaka chini kabisa, kama alivyozoea kunifanyia. Akabonyeza.

Sauti laini kama samli ikatoka...

"Bibi Esha, salaam aleikum. Leo karatasi ikikufika, usilie sana. Zamani nilikuposa, wazee wako wakamchagua Shee. Nilisubiri. Eda haikai milele, na mlango wangu u wazi."

Sauti ya mwadhini wetu mpya!

"Karatasi gani hiyo?" Esha akauliza. "Famau amejua nini ambacho mimi sikijui?"

Karatasi ya talaka... na nia hiyo duniani nilimweleza mtu mmoja tu.

Nikamwambia Esha yote. Kahawa, eda, daraja la Sabaki. Sikumficha hata lile neno, na jinsi lilivyobakisha kidogo kutimia.

Akalikaza tena lile fundo la leso.

"Lile neno ulilolianza," akasema mwishowe, "liko wapi sasa?"

"Lilikatika."

"Basi lisitafutwe."

Nilikwenda hata hivyo kwa sheikh anizidiye elimu, kwa kuwa mambo ya halali hayakisiwi. Akanisikiliza, akauliza niliishia wapi hasa, akasema, "Hukuitamka talaka, Maalim. Nenda kakae na mkeo. Na huo mtaimbo muupake mafuta usishike kutu."

Naam. Kelele niliyoikimbia ndiyo iliyonifunga kinywa. Na sauti laini niliyoipenda ndiyo iliyotaka kunizika.

Nilikwenda pia kwa daktari, Esha yuko kando yangu. Akasema masikio yangu ni mazima. Kilichochoka ni yule bawabu aliye ndani, aliyetishwa siku moja, na tangu hapo anaona kila mgeni ni jambazi. Hofu ina dawa zake na mazoezi yake, nami nayafuata pamoja na nyiradi zangu. Siku nyingine nashinda, siku nyingine nashindwa.

Imamu nilimweleza ukweli, nikamsikilizisha na ile sauti. Alinipa tu kipaza sauti, Ijumaa iliyofuata.

"Wasemaje, Maalim? Utakiweza?"

Nilikumbuka maneno ya fundi wa vyuma, kwamba kelele yako mwenyewe haikuvamii. Nikaweka mikono masikioni, kama waadhini wote wafanyavyo. Mtaa mzima ulingoja jini likimbie.

Halikukimbia. Nilimaliza.

Famau hana nafasi tena barazani kwangu. Sikumtukana. Alipopita alitoa salamu, nikaitikia, kwa kuwa salamu ni haki. Kahawa si haki.

Ewe unayesoma, na nyumbani kwako kuna mtu anayeruka kijiko kikianguka, usimcheke na usimtafutie jini. Bisha hodi kabla ya kumwendea. Nawe unayeumwa kama mimi, kaeni mseme. Watu wakikunyamazia, uliza. Nakuachia ubeti huu:

*Si kila mnong'onezi, akutakia hiana,*
*Wala kila msemezi, ni rafiki wa bayana,*
*Ndoa nayo kama uzi, ukikatwa si kushona,*
*Uliza ungali naye, kabla hamjaachana.*

Kile kitambaa cha leso nilikifungua kwa mkono wangu mwenyewe. Bangili zimerudi mahali pake. Na Esha amejifunza desturi mpya: kabla ya kuingia nilipo, husimama kizingitini akatikisa mkono mara moja, polepole, nijue.

Naisikia sasa hivi, ninapoandika mstari huu.

Anakuja.