Pipa la Mzee Thrasivulos

Mambo haya yalimpata rafiki yangu Evanthia Kalogeru, wa ukoo unaotengeneza divai hapa Naousa tangu enzi za babu yake, Thrasivulos. Asubuhi moja ya Agosti, kaka yake Lefteris aliingia kusugua pipa kubwa la babu, lile ambalo hewa yake mbaya ilimuua mzee mwenyewe. Tangu msiba huo desturi yao ni moja: aliye nje hugonga, na aliye ndani hujibu kwa kugonga mara mbili, kwamba yu mzima.

Evanthia akagonga. Akajibiwa mara mbili.

"Usisinzie humo, mvivu wewe!"

"Nyamaza, dada, mdomo wako utaichachusha divai!"

Baadaye akagonga tena. Mara mbili. Akamchokoza, lakini safari hii Lefteris hakurudisha neno. Akagonga kwa nguvu. Mara mbili, polepole.

Akamulika tochi kwenye tundu la kuingilia. Lefteris alikuwa amelala kifudifudi, mikono yote miwili chini ya kifua.

Akamshika miguu, akamburuta hadi uani, akampiga makofi mpaka akakohoa.

"Pumua, kaka yangu! Pumua!"

Nyuma yao, ndani ya pipa lililobaki tupu, kukagongwa mara mbili.