Plagi Iko Wapi?

Haya nilisimuliwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, juzi asubuhi tulipokuwa tukichambua maharage. Nami nayaandika ili na wewe uyajue.

Wao wana ng'ombe wa maziwa. Bandani wana mashine ya kuponda mahindi ya ng'ombe. Ndani yake mna vyuma viwili vinene, vya duara, vyenye meno. Mahindi hupita katikati, yakapondeka.

Siku hiyo mashine iliamka vibaya. Upande mmoja ilitoa unga, upande wa pili mahindi mazima. Mwanangu akaikaza zaidi, akaijaza hadi juu. Ikanguruma, ikakwama. Kabla hajaizima, umeme ukakatika.

"Afadhali," akasema. "Sasa nitaisafisha."

Akafungua kifuniko. Akashika kitambaa, akaingiza mkono kati ya vyuma, akawa anachokoa mahindi.

Mkwe wangu akamsogelea. "Baba watoto, toa mkono!"

"Umeme haupo. Itaning'ata kwa meno ya nani?"

"Nakuomba. Moyo wangu unakataa."

"Wewe hata kuku akipiga chafya unakimbia!" Akautoa mkono ili amwonyeshe vidole kwa mzaha. "Haya, hesabu. Kimoja, viwili..."

Umeme ukarudi. Mashine ikanguruma. Kitambaa alichokiacha ndani kikavutwa, kikapotea.

Mwanangu akakaa chini kwenye pumba. Mkewe ndiye aliyeifikia swichi.

Akaitwa jirani, fundi wa mashine. Tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi. Siku hiyo aliuliza jambo moja tu, hata kabla ya salamu.

"Plagi iko wapi?"

"Ukutani," mwanangu akajibu.

"Basi sigusi kitu."

Mkwe wangu akaichomoa haraka. Hapo ndipo Kimya alipofungua mdomo.

"Sikiliza, bwana mdogo. Umeme ukikatika, mashine haijafa. Inasubiri. Zima swichi, chomoa plagi, iweke unapoiona. Ngoja vyuma visimame kabisa, ndipo ufungue kifuniko. Na hata hapo, tumia brashi. Vidole havina spea!"

Akalegeza vishikio viwili vya kukazia vilivyo pembeni, nafasi kati ya vyuma ikapanuka. Kitambaa kikatoka bapa, kimetobokatoboka. Mwanangu akakitazama, kisha akautazama mkono wake.

"Na ule unga wa upande mmoja?" mkwe wangu akauliza.

"Shemeji, mumeo amekaza upande mmoja tu. Kazeni huku na huku sawasawa. Pitisheni karatasi ngumu kati ya vyuma, pande zote mbili. Huku ikibana na kule ikipwaya, bado haijakaa sawa."

Wakapima, wakarekebisha, wakarudisha kifuniko.

"Iwasheni tupu," Kimya akasema. "Ikishika kasi, mimineni mahindi kidogo kidogo. Na chekecheni kwanza, msumari mmoja huharibu meno yote."

Mwanangu hakuthubutu kuwasha. Mkewe akachomeka plagi, akawasha. Mahindi yakatoka yamevunjika sawasawa, upande hadi upande.

Usiku mwanangu alilala chali, macho wazi.

"Mama watoto, plagi iko wapi?"

"Nimeitundika kwenye msumari."

"Una hakika?"

"Kwa mkono wangu."

Kisha mwanangu akauliza tena. Mkwe wangu akaushika ule mkono gizani, akaanza kuhesabu vidole, kimoja kimoja. Kabla hajafika cha tano, mumewe alikuwa anakoroma. Akakishika na cha tano, akahakikisha kipo. Ndipo naye akalala.