Utomvu Uliokataa Kuwaka

Hiki kisa nikikusimulia utasema nimeota. Sawa, sema. Lakini kaa chini kwanza.

Kuna mtu alijichana mkono wake mwenyewe. Kwa hiari. Mchana kweupe, mbele ya mteja wake, huku anatabasamu.

Na aliyemshawishi ajichane alikuwa jasusi.

Huamini? Twende.

"Ndimu! Anashuka ngazi! Ndimu!"

"Namwona, Shangazi. Usinipigie kelele sikioni."

Ndimu alikuwa anaruka ngazi za hoteli mbili mbili. Jina hilo walimpa kazini kwa sababu ya sura: hata akifurahi, anaonekana kama amelamba kitu kikali. Na Shangazi, yule wa kwenye kidude cha sikioni, si shangazi yake. Ni mkuu wa idara, ila mama yule anavyojua kugomba, hakuna jasusi aliyewahi kumwita jina lingine.

Mbele yake alikimbia mwanamke wa suti ya kijivu, mkononi sanduku la chuma.

Wakatokea kwenye maegesho ya chini.

Mwanamke akageuka. Bastola.

Paa!

Kioo cha Corolla kikamwagika. Ndimu akajirusha nyuma ya nguzo, mkono ukagusa kitu cha baridi ukutani. Mtungi wa kuzimia moto. Akavuta pini, akatoka nao.

Fyuuuu!

Unga mweupe ukajaa kila mahali. Yule dada akakohoa, akafyatua risasi kwenye dari, na kabla hajafyatua nyingine mtungi ukamtua begani. Akaenda chini kama kanga iliyoanguka kambani.

"Amelala," Ndimu akasema.

"Amelala usingizi au amelala moja kwa moja?"

"Shangazi, anakoroma."

"Haya. Vaa suti yake. Mgonjwa anaruhusiwa leo, na hatuna mtu mwingine wa kuingia chumbani."

"Mgonjwa" ndiyo ilikuwa lugha yao ya siri. Maana yake ni daktari mmoja, bingwa wa majeraha, ambaye siku ile alikuwa anauza kwa wageni dawa isiyo yake. Wageni walikuwa wafanyabiashara wa silaha. Walitaka dawa ya kufunga vidonda vya risasi, waiuzie kila upande wa kila vita, na wakishapewa miche, mtu mwingine asiipate tena. Wakamkodi mtathmini wa majeraha awakagulie mali kabla hawajaondoka nayo. Walikuwa hawajawahi kumwona uso. Wanajua tu atakuja mwanamke, suti ya kijivu, sanduku la chuma.

Ndimu akajipangusa unga, akafunga vifungo. Suti ilimbana kwapani. Bastola yake, Glock, akaisukuma kiunoni, nyuma.

"Ndimu," Shangazi akasema, safari hii taratibu. "Huyo mtu namtaka akiwa hai."

Ndimu akaokota sanduku la chuma.

"Sema hai."

"Hai."

"Sema kama unamaanisha."

Ndimu akabonyeza lifti.

Sasa ngoja nikwambie kwa nini Shangazi alikuwa na wasiwasi.

Dawa ile ilikuwa ya mdogo wake Ndimu. Kitinda mimba wao. Kijana wa maabara, mkemia wa mimea, mpole mpaka anaudhi. Alikuwa anampigia dada yake simu kumweleza habari za kijimti kimoja wanachokiita mshonangozi, anaongea kama mtu aliyepata mchumba. "Dada, utomvu wake ukiugusisha kwenye kidonda, damu inaganda unaiona! Ngozi inarudi, dada!" Ndimu anamjibu niko kazini. Anaambiwa subiri, sijamaliza. "Mzuri ukiumulika na taa ya zambarau unawaka bluu, kama simu gizani. Ila mmea ukitoa maua, usiuguse! Kemia yake inageuka. Utomvu hauwaki tena, na damu badala ya kuganda inakimbia. Umenisikia?"

"Nimesikia, bwana. Maua mwiko. Kwaheri."

Halafu akakutwa amekufa maabara. Polisi wakasema majambazi. Miche yote imeng'olewa, kijana amechomwa kisu akipambana nao.

Ndimu alikwenda mochwari mwenyewe. Kuna kozi moja ya idara, wanafundishwa kusoma jeraha kama wewe unavyosoma meseji. Akafunua shuka, akasoma.

Mtu anayepigana na mwenye kisu hukatika viganja. Viganja vya mdogo wake vilikuwa vizima. Vifundo vya mikono vilikuwa na alama za gundi ya mkanda. Na mkono wa kushoto ulikuwa na mchano mmoja tu, umenyooka, umekatwa kwa utulivu kabisa, kama mtu anakata kitambaa.

Kijana alifungwa kwenye kiti. Akachanwa mshipa. Akaachwa avuje huku anaulizwa maswali.

Na kuzunguka jeraha kulikuwa na mstari wa kalamu ya zambarau, umeishia kwa nukta mbili.

Watu wa vidonda wana hiyo tabia. Kabla hawajapima jeraha, wanalichorea mpaka, ili wakirudi kesho wajue limepungua au limeongezeka. Mkono unachora wenyewe, hata akili ikiwa mbali. Na bosi wa maabara ile, yule bingwa, wanafunzi wake walimwita Daktari Kalamu.

"Kalamu za zambarau ziko nyingi," Shangazi alimwambia. "Huo si ushahidi, mwanangu."

Na unajua nini? Wakati Ndimu yuko mochwari, Daktari Kalamu alikuwa nyumbani kwao, msibani. Alimkumbatia mama yao. Akamwambia pole mama, tumepoteza kichwa. Ndimu hakumkuta, wala hawakuwahi kuonana.

Lifti ikafunguka.

Baunsa mwenye shingo kama gogo akampekua sanduku, macho yakamwishia kwenye suti. Hakumgusa kiunoni. Aibu tu ya mlinzi mzembe, ndiyo iliyowamaliza.

Chumba cha mikutano, viyoyozi vinanguruma, mapazia wazi, jua tele. Mezani chupa za maji na kichupa kimoja kidogo cha kioo. Upande wa dirisha Mteja, mkubwa wa wale wageni, mzee wa suruali nyeupe, Kiswahili cha kujifunzia kwenye simu. Upande wa pili Daktari Kalamu mwenyewe. Shati limepigwa pasi. Mikono misafi. Mikono misafi sana.

"Mtathmini wetu!" Daktari akasimama. "Karibu, dada yangu. Kaa, kaa."

*Dada yangu.* Ndimu akavuta kiti.

"Asante, Daktari. Tusipotezeane muda."

Akafungua lile sanduku. Ndani mizani ndogo, mkasi, bandeji, mkanda wa kufungia damu, na tochi ya zambarau, kama zile za kukagulia noti bandia. Akalivuta sanduku karibu likafanya kivuli, akaingiza kichupa ndani, akamulika.

Giza.

Akatikisa kichupa. Akamulika tena.

Giza totoro. Hata cheche ya bluu hakuna.

"Hii mmekamua lini?" Sauti yake ilikuwa shwari.

"Wiki hii," Daktari akasema, anajivuna. "Mbichi kabisa. Tena nilisubiri ichanue vizuri. Mgunduzi mwenyewe alinihakikishia, kabla hajatutoka, kwamba nguvu yote inakuja na maua."

Kumbe.

Kumbe mdogo wake, amefungwa kwenye kiti, damu inamtoka, alimpa huyu mtu kila kitu. Kila hatua ya kweli. Isipokuwa moja. Pale alipoulizwa miche ikamuliwe lini, yule mpole asiyejua hata kutania akatoa uongo mmoja, mtamu kama asali, akauacha umsubiri mwenyewe.

"Vipi?" Mteja akauliza. "Dawa nzuri?"

Hapo, ndugu yangu, Ndimu angeweza kutoa Glock akamaliza. Angeweza kusema dawa ni mbovu, mkataba ukafa, kila mtu na pingu zake. Hiyo ndiyo kazi aliyotumwa.

Akazima tochi.

"Safi," akasema. "Imebaki kitu kimoja. Kwenye kazi yetu mwenye dawa anaanza na mwili wake."

Daktari akacheka. "Tuna panya wa kutosha, dada."

"Wanaopigwa risasi vitani ni panya?"

Mteja akaipenda hiyo. Akagonga meza. "Ndiyo! Wewe. Mkono wako."

"Mzee, mimi ni mtafiti, si..."

"Unaogopa dawa yako?" Ndimu akamuuliza, kichwa upande. "Basi niandike kwamba mwenyewe hakuiamini?"

Daktari akamtazama Mteja. Akatazama kichupa. Kiburi kikamshinda. Mtu amesoma matokeo yote ya maabara, ameona kwa macho yake vidonda vikifunga. Ataogopa nini?

Akakunja shati. Akachukua kisu kidogo cha upasuaji kutoka mfukoni.

Na kabla ya kukata, mkono wake mwingine ukatoa kalamu ya zambarau.

Akachora. Mstari ukazunguka ngozi, ukarudi ulikotoka.

Nukta. Nukta.

Ule ule mstari wa mochwari.

"Kata," akasema.

Daktari akakata, tena kwa kina, apate kuwaonyesha. Akamimina kile kichupa chote juu yake, akanyanyua mkono kama mshindi wa ndondi.

"Mnaona? Hesabuni pumzi kidogo tu..."

Damu ikaanza kukimbia kama imeitwa.

Akatabasamu bado. Akabonyeza. Ikapita katikati ya vidole, ikashuka kiwikoni, ikatapakaa mezani mpaka kwenye suruali nyeupe ya Mteja.

"Itaganda," akasema. "Itaganda tu."

"Wewe tapeli!" Mteja akaruka nyuma. "Mwue! Mwue na huyu!"

Baunsa wa mlangoni akachomoa bastola.

Ndimu alishapindua meza.

Paa! Paa! Mbao zikapasuka. Akatambaa, akamfikia miguuni, akapiga goti moja kwa kitako cha Glock. Krak! Gogo likaanguka. Bastola yake ikateleza hadi ukutani. Teke la kidevu. Zima.

Mteja akakimbilia lifti, akabonyeza, akabonyeza. Ikafunguka. Ndani walikuwamo vijana wa Shangazi wameshika pingu.

"Karibu, mzee," mmoja akamwambia. "Tunashuka."

Mlango ukajifunga.

Wakabaki wawili, na baunsa amezimia pembeni.

Daktari alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, anaubana mkono kwa shati. Shati lote jekundu. Uso umekuwa rangi ya majivu.

"Nisaidie! Wewe si mtu wa majeraha? Nifunge!"

Ndimu akachuchumaa mbele yake. Akafungua simu, akamwonyesha picha. Kijana mpole, ameshika kijimti kwenye kopo la rangi, meno yote nje.

"Huyu unamjua. Mimi ni dada yake."

Yule mtu akageuza uso pembeni.

"Miche iko wapi?"

"Nifunge kwanza, tafadhali..."

"Damu yako, muda wako. Miche."

"Prado! Prado nyeusi! Sanduku la barafu, nyuma. Dereva ameambiwa nikichelewa aende uwanja wa ndege!"

"Shangazi, umesikia?"

"Nimesikia. Iko getini inatoka. Subiri." Redio ikakwaruza. Milio miwili ya risasi. Breki zikalia mpaka juu ghorofani. "Matairi chini. Sanduku tunalo. Miche mizima, Ndimu, mizima yote! Na huyo mgonjwa? Yuko hai?"

Ndimu akachomoa kidude cha sikioni, akakitia mfukoni.

Akapiga namba nyingine. Ikaita. Ikapokelewa.

"Mama. Yuko hapa mbele yangu."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya bomba la maji. Likafungwa.

"Yule aliyenikumbatia?"

"Ndiye."

"Anavuja?"

"Anavuja, mama."

"Niweke asikie."

Ndimu akaweka spika. Mama hakupaza sauti. "Baba, mwanangu alisema nini mwisho?"

Daktari akanong'ona. "Hakusema, mama. Nilimuuliza hatua ya mwisho, miche ikamuliwe lini. Akanitajia. Halafu... akacheka. Nilidhani akili imemruka. Alicheka mpaka akanyamaza."

Halafu kwenye ile simu ikatoka sauti ambayo Ndimu hakuwahi kuisikia tangu mazishi. Mama alikuwa anacheka. Kidogo. Kikavu. Cheko na kilio vimebanana koo moja.

"Mtoto yule," akasema. "Mtoto yule jamani." Akapenga. "Mimi nimemaliza, mwanangu. Aliyebaki ni wako."

Akakata.

Ndimu alikuwa na mkanda wa kufungia damu kwenye sanduku. Ule wa kukaza na kijiti, unafunga hata mguu uliokatika. Akautoa. Akaulaza kwenye goti lake, karibu kabisa na mkono wa Daktari, ila mkono haukuwa na nguvu tena ya kuufikia.

Wakatazamana.

"Unafikiri nakuhurumia?" Ndimu akamuuliza. "Ukifa leo, umepumzika. Mdogo wangu ameshakushinda. Nataka uamke kila asubuhi, miaka na miaka, ukumbuke alivyocheka."

Akamvalisha mkanda. Akakaza. Akazungusha kijiti, akazungusha tena, akaongeza pale ambapo hakukuwa na haja ya kuongeza. Daktari Kalamu alipiga yowe lililosikika hadi mapokezi.

Damu ikasimama.

Ndimu akanyanyuka. Akaokota chupa ya maji iliyopona, akanywa yote. Akavua koti la kijivu, akaliacha kwenye kiti, akarudisha kidude sikioni.

"...Ndimu! Ndimu, nijibu! Yuko hai?"

"Kwa bahati mbaya."

Akaifuata korido bila kugeuka, viatu vinagonga vigae, ko, ko, ko.

Sasa na wewe sema ukweli wako, usinijibu vya mdomoni. Mkanda uko gotini kwako. Mtu aliyemvujisha mdogo wako anakutazama, hakuna mwingine anayewaona, na mama ameshakata simu.

Ungekaza?