Pole ya Jenerali

Kifasiri kilikuwa kidude kisichozidi punje ya kunde. Ukikichomeka sikioni, unamsikia mgeni kwa lugha yako na kwa sauti yake mwenyewe, kikohozi na vyote. Kilifunzwa kwa mikataba mingi ya amani, kikajua watu hupatana vipi. Aliyekiunda ni mhandisi Zamoyoni Shekuwe, na siku ya mazungumzo ya amani, katika kituo kinachoelea juu ya dunia, alikaa nyuma ya Jenerali Lusajo wa Muungano wa Ulinzi akisikiliza pande zote mbili.

Zamani Muungano wa Ulinzi na Dola ya Orevi walilinda anga pamoja, wakivunjavunja vyuma chakavu vya angani kabla havijaangukia miji. Kisha kombora la Muungano likatungua chombo cha Orevi kimakosa, na lindo likafa. Tangu hapo vyuma vilianguka ovyo na watu wakafa.

Jenerali alisimama, akasema alichotumwa. "Poleni sana kwa msiba." Basi, akaketi.

Katika tafsiri iliyokwenda upande wa Orevi, Zamoyoni akasikia kifasiri kikisema: tuliwaua watu wenu, tunaomba radhi. Bi Tesmin, mjumbe wa Orevi, ambaye bintiye ndiye aliyekuwa rubani wa chombo kile, alilia mbele za watu, kisha akakubali lindo lirudi.

Zamoyoni alimnong'oneza jenerali kilichotokea. Jenerali akamwambia anyamaze, mashine imewarahisishia kazi, ubaya uko wapi? Zamoyoni aliuona ubaya. Kidude kisicho na roho kilikuwa na haya kuliko wao. Aibu ilimchoma.

Kabla ya kutia saini, Bi Tesmin alivua kifasiri chake. Kiswahili kidogo alikijua tangu siku za lindo. Akamwomba jenerali alirudie lile neno kwa kinywa chake.

"Pole," jenerali akasema, macho yakiwa mezani.

Bi Tesmin alilitamka taratibu, kisha akamgeukia Zamoyoni. "Mwanangu, hili ndilo neno la kuomba radhi?"

Jenerali alimkazia macho. Zamoyoni aliifikiria miji iliyo chini yao, na vyuma vinavyoinyeshea. Neno moja la uongo lingetosha kuiokoa.

"Hapana, mama," akasema. "Hilo tunamwambia hata mtu aliyejikwaa."

Bi Tesmin aliweka kalamu chini, akamtazama jenerali, akangoja. Hapakuwa tena na mashine ya kumsemea.