Kurasa Kumi za Kihispania

Kengele ililia, na wazazi mia tatu wakatoka madarasani mbio kama watoto wao. Ndivyo jioni ya wazazi ilivyo katika shule ile ya sekondari mjini Erie: unapewa ratiba ya mwanao, unakaa dakika kumi katika kila darasa lake, kengele ikilia unatimka kutafuta chumba kingine. Roman Sadowski, dereva wa magari ya manispaa ya kukwangua theluji, alikuwa ameshapotea mara mbili. Alikuwa pande la mtu, na alivaa shati la kijani lililopigwa pasi mbele tu, kwa hesabu kwamba mgongo ungefichwa na koti. Joto la mle ndani likamlazimisha kulivua koti, na makunyanzi yote yakawa hadharani.

Kwenye kona ya ghorofa ya pili akagongana na mwanamke aliyebeba kikapu. Vikadi vikatapakaa sakafuni.

"Samahani, dada! Sikukuona."

"Ungenionaje na wewe unaangalia dari? Unatafuta nini huko juu?"

"Namba za vyumba. Natafuta 214, Kihispania cha Kwanza."

"Basi okota hivyo vikadi tuende pamoja. Usihofu, hawawezi kuanza bila mimi. Mimi ndiye mwalimu."

Alivaa gauni la rangi ya haradali, hereni za mbao, na chini raba nyeupe, maana alijua jioni ile ni ya kusimama. Jina lake Noemí Quiñones. Roman aliokota vikadi polepole kuliko ilivyohitajika.

Darasani akaketi kwenye kiti cha binti yake, Tessa, magoti yakigonga meza. Noemí akasimama mbele.

"Karibuni. Nawaambia mapema mtarajie nini, ili Juni msije kunilaumu. Mtoto wako hatarudi nyumbani Krismasi akiongea kama bibi yangu aliyeko kwetu Ponce. Atajua kusema jina lake, umri wake, anachopenda na asichopenda. Na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Hilo watalijua wote ndani ya wiki moja."

Wazazi wakacheka.

"Siku ya kwanza kila mmoja alichagua jina la Kihispania kwenye kikapu hiki. Kuanzia wiki ya nne, Kiingereza kinabaki mlangoni. Tutaimba siku za wiki. Watasema wanaona haya, halafu mtawasikia bafuni. Kila Ijumaa jaribio dogo. Kila mwezi kurasa kumi za daftari la mazoezi. Nikishasahihisha, nasimama mbele ya meza ya mtoto namuuliza yale yale kwa mdomo."

"Na akikosea?" Roman akauliza, akashangaa kusikia sauti yake mwenyewe.

"Akikosea nafurahi. Najua ni yeye."

Kengele ikalia. Roman akatoka mbio, koti akaliacha. Kesho yake mchana simu ikaita.

"Bwana Sadowski? Kuna koti hapa kwenye kiti cha Tessa. Limetulia vizuri kuliko wanafunzi wote."

"Mpe maksi basi."

"Nitampa akijibu swali. Unakuja kulichukua, au nilisajili darasani?"

Alikuja kulichukua. Wiki iliyofuata alikuja tena, safari hii bila kisingizio, wakanywa kahawa ng'ambo ya shule. Mke wa Roman alikuwa amehamia Arizona miaka mitano nyuma, akaolewa huko. Noemí hakuwahi kuolewa. Aliwahi kukaribia, ikavunjika, akashukuru Mungu. Roman alimwita mwalimu wangu, Noemí akamwita bwana theluji. Alimpikia wali wa mbaazi, naye Roman akaleta pierogi za mama yake.

"Haya ni maandazi yaliyojaa viazi," Noemí alisema, akila la sita.

"Yaseme vibaya ukiwa umeshiba."

"Sijashiba. Leta hapa."

Sharti lake lilikuwa moja. "Mpaka shule ifungwe tusijitangaze, mpenzi. Mimi ni mwalimu wa mwanao. Sitaki mtu aseme Tessa anapendelewa."

Lakini mapenzi ni kikohozi. Tessa, msichana wa miaka kumi na minne, mrefu, nywele zake nyakati zote zikinuka dawa ya bwawa la kuogelea, alijua kabla ya Novemba kwisha. Hakusema kitu. Alianza tu kumpigia baba yake pasi mashati, mbele na nyuma.

Hapa ndipo Roman alipopotoka, na kosa lenyewe lilianzia mahali pazuri. Alitaka kumwambia Noemí maneno matamu kwa Kihispania, lugha aliyokulia nayo. Tessa akishalala, yeye alikuwa akifungua kitabu cha mtoto jikoni, akijifundisha rangi, vyakula, watu wa familia. Februari ikafika, zikatolewa kurasa kumi. Tessa alirudi mazoezini hoi, maana mashindano ya wilaya yalikaribia na yeye ndiye mwogeleaji wa mwisho katika mbio za kupokezana. Alikula, akaweka kichwa mezani, akalala na kalamu mkononi.

Roman akaichukua kalamu. Alijiambia anamsaidia mtoto. Tuseme ukweli basi, maana yeye alichelewa kuusema: alitaka kalamu nyekundu ya Noemí ipite juu ya majibu yake. Alitaka kuona tiki zake. Akaiga mwandiko wa duara wa binti yake, akajaza zote kumi, akairudisha kalamu mahali pake. Asubuhi Tessa aliliona daftari, akamwangalia baba yake aliyekuwa akikaanga mayai huku akiimba, akalitia mkobani bila neno.

Jumatatu Noemí akasimama mbele ya meza ya Tessa. Akamuuliza swali la kwanza kwa mdomo. Kimya. La pili. Kimya. Akauliza jepesi kabisa, nyumbani mpo watu wangapi, na mtoto, ambaye wiki zile za mazoezi hakuwa amefungua kitabu, akatazama vidole vyake.

"Tessa, hizi kurasa umeandika wewe?"

Darasa zima lilikuwa limegeuka. Tessa akainamia meza.

"Sikutegemea wewe uwe mwongo," Noemí akasema.

Sheria ya shule ilikuwa wazi: kazi isiyo yako ni sifuri, na michezo unasimama wiki mbili. Mashindano ya wilaya yalikuwa siku ya kumi na mbili kutoka hapo.

Saa kumi jioni simu ya Roman ikaita. Alikuwa kwenye gari lake, theluji ikirushwa pembeni.

"Mwalimu wangu!"

"Roman, leo nakupigia kama mwalimu kweli." Sauti yake ilikuwa chini. "Ni Tessa. Mtu kamwandikia kurasa zake. Imenibidi nimpe sifuri, na hataogelea wilayani. Nisamehe. Moyo unaniuma."

Hapo pangetosha maneno matatu: ni mimi niliyeandika. Roman aliyafungulia mdomo. Kisha akajiona kama atakavyoonekana, mtu mzima wa miaka arobaini na nne anayeiba kazi ya mtoto ili apate tiki. 

"Nitazungumza naye," akasema.

"Asante. Unajua wazazi wangapi wangeshanitukana hapa? Ndiyo maana nakupenda."

Alikuwa hajawahi kumwambia hivyo. Roman alisimamisha gari katikati ya barabara, magari nyuma yake yakapiga honi, naye akaona raha na aibu kwa pamoja. Raha ikashinda, kwa siku chache.

Jioni ile Noemí alikuja kwao, maana ndani ya nyumba ile hawakujificha tena, na uso wake ulikuwa wa huzuni. Tessa alikuwa amepika supu ya kuku. Wakala watatu, na aliyezungumza ni kijiko tu. Noemí alipoondoka, Roman akamfuata binti yake ngazini.

"Tessa, mwanangu…"

"Niko sawa, baba."

"Nitalimaliza hili. Kesho."

"Sawa."

Kesho ikawa kesho kutwa. Gari likaharibika, theluji ikaanguka siku tatu mfululizo, kila siku ikaja na sababu yake, na mtu anayetafuta sababu hazikosi. Jumamosi ya mashindano ikafika. Roman na Noemí walikaa safu moja, wameachana viti viwili kama watu wasiojuana. Tessa alikaa chini na timu yake, amevaa koti la timu juu ya suruali ya jinzi, akipiga makofi kwa ajili ya wenzake. Msichana aliyewekwa mahali pake alitoa yote aliyokuwa nayo. Walimaliza wa nne. Watatu wa kwanza ndio waliokwenda kwenye mashindano ya jimbo.

Kwenye maegesho, Roman aliwasha gari asiliondoe.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilikuwa nasubiri useme wewe."

"Siku zote hizi, Tessa? Ungesema tu!"

"Ungeachwa." Alisema bila hasira, na hilo likamchoma baba yake zaidi. "Tangu mama aondoke hujawahi kuimba, baba. Sasa unaimba ukikaanga mayai. Nikasema, ni kuogelea tu."

Roman aliinamia usukani akalia, lori zima la mtu, na mtoto ndiye aliyempigapiga mgongoni.

Jumapili mchana akapiga moyo konde, akaenda. Noemí alikuwa jikoni kwake, kajifunga kitambaa cha maua kichwani, anamenya ndizi za kukaanga.

"Umekuja mapema! Njoo umenye, bwana theluji, mikono hiyo si ya usukani tu."

"Noemí, zile kurasa niliandika mimi."

Alicheka, akidhani utani. "Wewe? Toka hapa."

"Zote kumi. Tessa alikuwa amelala. Nilikuwa najifunza kwa ajili yako. Nilitaka uzisahihishe, nione tiki zako kwenye maneno yangu."

Kicheko kilibaki usoni pake kidogo, kikaondoka. "Nilipokupigia ile Jumatatu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukasema utazungumza naye."

"Niliogopa utaniona mpumbavu."

"Nikakushukuru." Akaweka kisu chini. "Nilikushukuru, Roman! Nikaja kwako jioni ile nikala supu ya yule mtoto. Nimemwita mwongo mbele ya wenzake ishirini na nane, naye akanipakulia supu."

"Nisamehe, mpenzi."

"Na jana? Umekaa pale viti viwili kutoka kwangu, unamtazama anapiga makofi. Uliwezaje?"

Ndizi zilianza kuwa nyeusi ubaoni.

"Nenda nyumbani," Noemí akasema. "Kesho nina mtoto wa kumwomba radhi, na sijui nitaanzaje."

Alianza hivi: alisimama mbele ya darasa lile lile, akazungumza kwa Kiingereza, yeye aliyekuwa akikiacha mlangoni, akasema, "Nilimwonea Tessa. Alichokuwa anaficha hakikuwa kosa lake. Mimi ndiye niliyekosea, na namwomba anisamehe mbele yenu." Jina la Roman hakulitaja. Sifuri ikafutwa, Tessa akarudishiwa daftari tupu, akajaza mwenyewe na makosa tele. Mbio za wilaya hakuna aliyeweza kuzirudisha. Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja amekomaa.

Roman alipiga simu kila siku, kisha kila wiki, kisha akaacha. Theluji ikayeyuka, mitaa ikatoa matope, halafu majani. Siku moja ya Mei, saa kumi na moja jioni, akajaribu tena, na Noemí akapokea.

"Hujambo, Roman."

"Sijambo." Alikuwa ameandaa mengi, yakamruka yote. "Tessa ameniambia umempa B."

"Ameipata. Sijampa."

"Shule inafungwa baada ya wiki mbili. Nilidhani labda… ulisema mpaka shule ifungwe."

Watoto walisikika upande wa Noemí wakirusha mpira.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Usibebe hilo. Lakini kila asubuhi namwona Tessa akiingia, ananisalimu vizuri, na mimi nakumbuka nilivyomwambia. Wewe ungeweza kunizuia, ukaniacha. Nimejaribu kulipita, mpenzi. Halipitiki."

Alisema mpenzi, na Roman akaelewa kwamba ni kwa mara ya mwisho.

"Ningekuambia ile Jumatatu ungesemaje?"

"Ningecheka," Noemí akasema, sauti ikimkatika. "Ningecheka mpaka nikae chini. Ningezipigia simu nyumba zote za Ponce niwaambie kuna mwanaume Erie kaiba kazi ya nyumbani kwa ajili yangu. Ningekuoa mimi mwenyewe, Roman. Kwaheri."

Alibaki na simu mkononi. Tessa alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, sijui tangu saa ngapi.

"Ni mwalimu Quiñones? Amesemaje?"

Jibu jepesi lilimjia Roman mdomoni, kwamba hakupokea. Akalimeza.

"Amesema hapana. Na kosa ni langu, si lake wala lako."

Tessa akauweka mkoba chini taratibu. Kwa muda alikuwa mtu mzima zaidi ya baba yake. Kisha uso wake ukakunjamana, akawa mtoto wa miaka kumi na minne tu.

"Na mimi nilikuwa nampenda, baba," akasema.