Kura ya Funguo za Mzee Eino

Jumapili hiyo nyumbani kwa Profesa Carl Niemi mambo yalikuwa shwari, ndugu zangu. Theluji imelala uani, kahawa inanukia, na baba yake, Mzee Eino wa miaka themanini na sita, amekula akashiba. Alipoaga akapanda pikapu yake, akarudi kinyumenyume, paa! Sanduku la barua likaenda chini. Mzee akapunga mkono, akaondoka zake. Hakuwa ameona kitu.

"Mara ya tatu hiyo tangu Oktoba," alisema Marlys, mke wa Carl, akiwa dirishani. "Na wewe kila mara unalisimamisha kimyakimya. Macho ya baba yamekwisha, Carl. Mnyang'anye zile funguo kabla hajaua mtu."

"Ni mtu mzima. Ana haki ya kujiamulia."

"Basi ongea naye! Mimi mkwe tu, wewe ndiye mwanawe."

"Si jambo la kukurupukia."

Marlys akasonya, akaenda kuosha vyombo.

Sasa sikieni alichofanya msomi wetu. Kazi yake chuoni ilikuwa kufundisha maadili: jinsi ya kupima jema na baya katika mambo ya kila siku. Jumatatu akasimama mbele ya wanafunzi sitini, akawapa mfano wa mzee mwenye macho mabovu na gari lake. Je, mtoto wake afanyeje? Lo, darasa lilichemka! Hawa wanataka mzee anyang'anywe funguo, wale wanauliza nani kakufanya mlezi wa baba yako. Wakapiga kura kwa mikono. Thelathini na mmoja walisema abaki nazo, ishirini na tisa wakakataa. Carl alitoka akitabasamu, maana hajapata kuwa na somo tamu kama lile.

Wiki iliyofuata akalirudia, akiongeza kwamba mzee amepita taa nyekundu. Hakuitunga taa hiyo. Marlys alikuwa amemwona Mzee Eino akiipita, akarudi nyumbani akamsimulia Carl.

Mwanafunzi mmoja wa uuguzi, Janelle Beaulieu, akanyoosha mkono. "Profesa, huyu mzee yupo?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu kama yupo, tunakaa humu tukifanya nini? Si tumwendee?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Janelle naye! Hili ni somo, dada, si kituo cha polisi."

"Ni mfano tu," alisema Carl. Aliogopa, jamani, tena aliogopa kweli, lakini akawaambia kura ya mwisho itapigwa Ijumaa.

Ijumaa asubuhi Marlys alikuwa akizoa theluji mbele ya gereji. Mzee Eino akaingia na pikapu, analeta samaki aliowavua ziwani kwenye barafu. Mbele yake aliona weupe mtupu. Marlys alipiga ukelele mmoja tu, pikapu ikamgonga, na hakufika hospitali akiwa hai.

Carl alimkuta baba yake kwenye benchi la hospitali, kofia mkononi.

"Ulijua kwamba sioni?" mzee aliuliza.

"Nilijua, baba."

"Ulimwambia nani?"

"Wanafunzi wangu."

"Wanafunzi." Mzee alianza kulia. "Mbona mimi hukuniambia? Nilidhani naendesha vizuri. Ungeniomba tu hizo funguo, mwanangu, ningekupa."

FUNZO

Mganga hajigangi. Carl alijua kupima mambo ya dunia nzima, na jambo la baba yake alilijadili na kila mtu isipokuwa baba yake. Siwacheki wenye elimu, kufikiri ni kuzuri. Lakini ukiona hatari nyumbani kwako, usiifanye mazungumzo ya watu baki ukajiona umetenda. Huwezi kusema unaheshimu uamuzi wa mzazi wako huku umemficha ukweli wa kuamulia. Mwendee leo, umwambie kwa kinywa chako mwenyewe. Huenda akakasirika, na hasira ya mzee hupoa, ila aliyezikwa harudi.