Mikono Miwili ya Christine

"Huyo mpenzi wako amepiga picha mkono mzima! Mzima, Nasambu!"

Zilpah, mama Christine, alikuwa katikati ya ploti yao ya mtaa wa Shieywe, leso kifuani, filamu za eksirei mkono mmoja, simu mkono wa pili. Majirani wakaacha nguo kwenye karai, waje wasikie vizuri.

"Mtoto aliangukia mkono wa kulia. Huu wa kushoto ni wa nini? Na programu ya simu ya kusoma eksirei inasema wa kulia umevunjika. Griffin na daktari wake wanasema ni maumivu tu!"

Nasambu, jirani yake, aliona aibu hadi masikioni. Ni yeye aliyewapeleka kwa Griffin, mpiga picha za eksirei hospitalini, mwanaume aliyemfanya apake kucha rangi hata siku ya kufua. Akampigia palepale, spika wazi.

"Halo, switi wangu..."

"Switi gani? Mpaka ujue kulia na kushoto, usinipigie!"

Akakata, akaingia ndani, akalia. Mwanaume anayekusikiliza mpaka umalize hapatikani ovyo.

Jioni Griffin akatokea getini, shati la samawati limepigwa pasi, marashi yakimtangulia.

"Nasa, bado umeninunia?"

"Nani amekununia? Sema kilichokuleta."

"Ile programu hata mimi ninayo. Ni nzuri. Kwa watu wazima imenionyesha nyufa ambazo jicho langu lilizipita. Mama Christine, hebu ionyeshe filamu ya mkono mzima."

Zilpah akaipiga picha. Kiduara kikazunguka kwenye kioo cha simu, kisha ikaandika: umevunjika.

"Wangu huu?" Christine, aliyesimama kando ya mama yake, akauzungusha mkono wa kushoto hewani. "Si haukuanguka!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Griffin hakucheka. Alimwonyesha Zilpah kwa kidole, taratibu.

"Mfupa wa mtoto bado unakua. Hapa pana gegedu, sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa, na kwenye picha panaonekana kama ufa. Hii programu imejifunza zaidi mifupa ya wakubwa. Ndiyo maana daktari alitaka mikono yote miwili, ailinganishe. Imefanana. Lakini maumivu yakizidi, mrudishe hospitali, usingoje simu. Foleni ilikuwa ndefu, sikuwaeleza. Hapo mnisamehe."

Nasambu akamtazama. Ametukanwa hadharani, na bado anaongea na jirani kana kwamba ni mama yake.

"Nilikukosea mbele ya ploti nzima," alisema.

"Basi niambie pole mbele ya ploti nzima."

"Aki Griffin! Haya. Pole, mpenzi wangu. Umefurahi?"

"Rudia, yule wa dirishani hakusikia."

Vigelegele vikapasua ploti. Zilpah akapaza sauti kuvishinda.

"Mnasimama nje kama wadai kwa nini? Obusuma iko tayari, ugali moto kabisa, na kuku wetu wa ingokho ameiva. Firigisi nimeiweka kando, na mnajua hiyo hapewi mgeni wa kupita. Nasambu, sema mbele ya watu: huyu ni mgeni, ama ni wetu?"

Nasambu akamshika Griffin kiwiko.

"Mpe. Ni wetu."

"Basi ingia unawe, shemeji. Ingia ule!"